Mgrolu wa Kushoto

Jumatatu, 4 Oktoba 1971

Leo nimeapa. Uso wangu utaonekana kwenye sinema. Uso wenyewe, huu huu, na pua yake na kila kitu chake.

Sababu ya kiapo ni mama. Jana alipiga simu kutoka Grimsby, kwa simu ya jirani yake Bi Clegg. Ameniona Jumamosi kwenye televisheni, katika Doria ya Zohali. Akasema nimetembea vizuri ajabu, mwendo wa marehemu baba mtupu. Nikamuuliza alikuwa akimtazama Mgrolu yupi. Akasema yule wa kulia.

Wa kulia! Wa kulia ni Neville Sprake. Mimi ni wa kushoto. Miaka yote hii mama yangu mzazi anamshangilia Sprake!

Simlaumu sana. Wagrolu ni majitu kutoka sayari ya mbali, mpira mtupu kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, rangi ya kijani, vichwa kama maboga yaliyokaliwa. Ndani yake hata mimi sijijui. Lakini macho ya mama yameanza kuingia ukungu, na daktari amemwambia kama kuna kitu anataka kukitazama, akitazame mapema. Anachotaka kukitazama ni mimi. Ameniambia, Wilf, mwanangu, nikuone mara moja bila boga, kwenye sinema ya hapa mjini, na Bi Clegg akiwa ameketi pembeni yangu. Bi Clegg haamini kwamba mimi ni mwigizaji. Anaamini nauza viatu Acton na mama ananisitiri.

Sasa, habari ya leo. Basil Thripp, mwongozaji wetu wa Doria, anatengeneza pia filamu ya kuchekesha, Vitanda Vimejaa, mambo ya hoteli ya ufukweni na wageni wanaoingia vyumba visivyo vyao. Asubuhi anafanya Doria katika jengo la kwanza. Mchana anavuka uwanja wa magari hadi jengo la tatu na kufanya hoteli. Na kila mtu anavuka naye! Kamanda wetu wa anga, ambaye asubuhi aliokoa sayari, mchana ni askofu mlevi. Sauti ya kompyuta ni mpishi wa hoteli. Mavis Oddy wa vipodozi anavuka na masanduku yake. Hata ukuta unavuka: korido ya chombo cha anga imepakwa rangi ya waridi na kutundikwa picha za maua, basi, ndiyo korido ya hoteli.

Wasiovuka ni Wagrolu. Sisi tunabaki na naibu wake Thripp, kijana anaitwa Julian, tukipigwa picha za miguu yetu ikitembea.

Lakini Mavis amenidokeza kwamba kuna nafasi moja haijapata mtu. Mhudumu wa hoteli. Anaingia na sinia la chai, anamwambia askofu: “Mkeo yuko kabatini, bwana.” Anatoka.

Sentensi moja. Uso mzima. Nafasi hiyo ni yangu.


Jumanne, 5 Oktoba

Tatizo limejulikana. Thripp hajawahi kuniona. Naingia ndani ya mpira kabla hajafika, natolewa akishaondoka. Kwake mimi ni “wewe wa kushoto.” Basi leo mpango ulikuwa rahisi: nionekane.

Nikamwomba Bwana Gaskin wa mavazi anitoe mapema kwa ajili ya chakula. Zipu ya Mgrolu iko mgongoni, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa isipokuwa Bwana Gaskin. Sheria ya chama chao cha wafanyakazi. Mwigizaji hagusi zipu, mshona nguo hagusi taa, wa taa hagusi kiti. Ukishika kazi ya mwenzako umemnyang'anya mkate wake, na chama chake kinasimamisha kila kitu mpaka aliyekosa ajute. Mimi mwenyewe ni mwanachama mwaminifu wa chama cha waigizaji na nayaheshimu sana mambo haya.

Gaskin akanitoa. Nikanawa, nikachana nywele, nikavaa koti la harusi ya dada yangu. Nikaenda kantini na kukaa meza ya Thripp, moja kwa moja mbele yake, uso kwenye mwanga.

Akanitazama. Akaniuliza kama nimekuja kutengeneza boila ya maji moto.

Kabla sijajibu, mlango ukafunguliwa, akaingia Sprake. Na mpira wake wote! Hakuvua, hakunawa, boga kwapani tu, mkia unafagia sakafu. Thripp akakunjuka uso kwa furaha, akamwita mpenzi, akamvutia kiti. Sprake akakaa. Wakaongea habari za kriketi mpaka supu ikaisha. Mimi nikaombwa nisogeze chumvi.

Jioni mama akapiga simu. Akauliza kuna jipya? Nilikuwa nimechoka, nimeudhika, na Bi Clegg alikuwa akikohoa nyuma yake kwa namna ninayoijua. Nikasema lipo. Nikasema nimepata sehemu kwenye sinema, uso wazi, na maneno ya kusema.

Mama akaniomba nimwambie hayo maneno, ayashike. Nikamwambia.

Sio uongo. Ni ukweli uliotangulia kidogo.


Jumatano, 6 Oktoba

Mama ameshamwambia mwuza nyama. Ameshamwambia kasisi. Bi Pargeter, mwenye nyumba wangu, aliipokea simu yake asubuhi nikiwa bafuni, akaniletea ujumbe mezani na mayai: mama yako anauliza huyo mke aliyeko kabatini ni wa nani, na kama ni filamu ya heshima.

Lazima nafasi ipatikane sasa. Hakuna kurudi nyuma.

Nikamwendea Mavis na keki ya tangawizi aliyonitumia mama. Mavis ndiye anayejua kila siri ya majengo yote mawili, maana kila mtu hukaa kwenye kiti chake asubuhi na kufumba macho, na mtu akifumba macho husema. Akala kipande, akasema atanipa ushauri bure. Thripp yuko nyuma ya ratiba. Wenye filamu wamemkalia kooni. Mtu anayempenda siku hizi ni yule anayemwokolea dakika. Okoa dakika ya Thripp, mpenzi, na atakupa hata binti yake.

Ushauri wa dhahabu! Nikamshukuru, nikaondoka mbio. Keki nikaisahau mezani.

Saa sita mchana nikasikia kwamba nafasi ya mhudumu amepewa Sprake. Ameipata vipi? Alipita kwa Mavis kupakwa mafuta ya shingo, akakuta Thripp ameketi pale, akamkatia keki. Keki ya mama! Thripp akatafuna, akamwangalia Sprake, akasema uso huu ni wa mhudumu kabisa.

Ni kweli anao uso wa mhudumu. Uso mwekundu, laini, usio na wazo lolote. Lakini hilo si hoja.

Sprake akanijia kwa unyenyekevu wake wa kinafiki, akaniambia anajua nami niliitaka, asinifiche, hata yeye roho inamuuma kidogo. Nikampa mkono. Nikamwambia mwenzangu, hongera, usijali kabisa. Alipogeuka nikamtazama mgongoni. Nikaiona ile zipu.

Wazo likaja lenyewe. Sikulitafuta.


Alhamisi, 7 Oktoba

Siku kubwa! Niandike kwa utaratibu.

Sprake alitakiwa hotelini mara tu baada ya kumaliza picha za miguu na Julian. Na hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Watu wa televisheni, yaani akina Gaskin, chai yao ni saa tisa u nusu. Watu wa filamu, yaani jengo la tatu, chai yao ni saa kumi. Vyama tofauti, birika tofauti. Kengele ya chai ya televisheni ikilia na Sprake bado yumo ndani ya mpira, basi hatoki mpaka Gaskin amalize vikombe vyake. Na Gaskin hanywi kikombe kimoja.

Kwa hiyo picha za miguu zilipokaribia kwisha, nikanyoosha mkono wangu wa mpira. Nikamwambia Julian kwamba kuna jambo linanisumbua kama msanii. Mgrolu huyu anatembea, sawa. Lakini anakwenda wapi? Anataka nini?

Julian amesoma chuo kikuu. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Macho yalimlowa. Akavuta kiti (akasita, akamwita mtu wa viti amvutie kiti), akakaa, akaanza. Upweke wa Mgrolu. Mgrolu na tabaka la wafanyakazi. Mgrolu na mama yake. Sprake akawa anajipindapinda kama mtoto anayetaka kwenda chooni, akitoa sauti ndani ya boga. Nikamwambia Julian aendelee, nafaidika sana.

Ilipobaki kidogo tu kengele ilie, nikalalamika tumbo. Gaskin akaja, akanifungua mimi kwanza, maana mgonjwa hutangulia. Nikatoka. Akamgeukia Sprake, akaishika zipu.

Kengele ikalia.

Gaskin akaiachia zipu. Hakuifungua hata inchi. Akaondoka zake kwenda kwenye birika, bila haraka, bila ubaya. Sprake akanigeukia mimi, akanionyesha mgongo, akaomba. Nikamweleza kwa masikitiko kwamba mimi ni mwanachama. Siwezi kugusa zipu ya mwenzangu. Sheria ni sheria.

Nikavuka uwanja wa magari mbio. Koti la harusi lilikuwa tayari, nililitundika mlangoni tangu asubuhi.

Jengo la tatu, presha tupu! Thripp anatembea huku na huku, anauliza mhudumu yuko wapi, chai inakaribia, anataka picha hii moja tu kabla ya chai, moja tu, Mungu wake. Nikasogea. Nikasema Sprake amezuiliwa, ila mimi ninayajua maneno. Thripp akanitazama usoni. Akasema, “Wewe si ndiye yule wa boila?” Nikasema ndiye. Akasema haidhuru, mvalisheni.

Nikavalishwa! Fulana nyekundu ya vifungo, kofia ndogo. Mavis akanipaka unga puani na kunikonyeza. Askofu mlevi akaketi kitandani. Taa zikawaka usoni pangu. Usoni pangu! Nilikuwa nimelihisi joto la taa hizo miaka mingi kupitia mpira, sikujua kwamba juu ya ngozi tupu ni tamu hivyo. Nikamfikiria mama.

Kimya. Thripp akachungulia kwenye kamera. Akaguna. Akasema sinia la chai pale mezani liko kulia mno, linaziba mguu wa askofu. Akatazama saa. Akasema dakika zinakwenda.

Okoa dakika ya Thripp.

Nikanyoosha mikono yangu miwili, nikalishika sinia, nikalisogeza kushoto.

Sijui nieleze vipi ukimya uliofuata. Tangu nizaliwe sijasikia watu wengi hivyo wakiacha kupumua kwa pamoja. Juu ya ngazi mtu wa taa akazima taa yake. Kutoka gizani akatoka Bwana Tull, mkuu wa vifaa, mzee mfupi mwenye kizibao cha sufu, ambaye kazi yake duniani ni kusogeza masinia. Alilitazama sinia. Akanitazama mimi.

“Nani amekwambia ulishike?”

Nikasema nilitaka kusaidia. Akasema ahaa, kusaidia. Akarudia neno hilo taratibu, kama mtu anayeonja maziwa yaliyokaa. Kisha akawaambia wenzake, bila kupaza sauti, kwamba inaonekana hapa hawahitajiki tena, maana waigizaji wameanza kujihudumia. Wote wakaweka vitu chini. Wote wakatoka. Watu wa vifaa, wa taa, wa rangi, mpaka yule mama wa kufagia. Thripp akabaki ameketi sakafuni, ameshika kichwa, anasema maneno ambayo sitayaandika humu.

Na hapo ndipo mlango wa hoteli ulipofunguliwa, akaingia Sprake. Bado yumo kwenye mpira. Mgrolu mzima, amesimama kwenye zulia la waridi chini ya picha za maua, anahema, anauliza kwa sauti ya ndani ya boga kama amechelewa.

Thripp akamtazama. Akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka akalala chali, akimwonyesha kidole Sprake na kusema kabatini, kabatini, si mke, ni hicho ndicho kiwemo kabatini!


Ijumaa, 8 Oktoba

Hakuna kazi. Majengo yote mawili yamelala, maana watu wa televisheni nao wameacha kazi kuwaunga mkono wa filamu. Kantini imefungwa. Wote wanajua ni nani. Nilipopita getini mlinzi akaniuliza kama ningependa kulifungua geti mwenyewe, kwa kuwa napenda kusaidia.

Mchana nikaitwa ofisini. Thripp, Bwana Tull, na wakubwa wawili wa vyama. Sharti lao: niombe radhi mbele ya watu wote, na nisionekane tena karibu na kifaa chochote katika filamu hiyo. Mikono yangu haiaminiki. Bwana Tull hakunitazama alipokuwa akisema. Alisema amelisogeza sinia hilo tangu enzi za filamu zisizo na sauti, na hajawahi hata siku moja kumsemea mwigizaji maneno yake.

Ilinichoma. Nakiri. Kwa kama robo saa niliona aibu ya kweli.

Nikaomba radhi. Nikatoka kwenda kumpigia mama simu nimwambie ukweli, nimemaliza, hakuna uso, hakuna maneno. Nikasimama kwenye kibanda cha simu na sarafu mkononi. Kabla sijapiga, Mavis akaja ananiita.

Kumbe Thripp amepata njia. Sprake anafanya mhudumu, uso wazi, na maneno yake. Lakini sasa kabatini anakaa Mgrolu, na lazima mtu awemo ndani ya Mgrolu. Wakamuuliza Bwana Tull kama atakubali niwe mimi. Bwana Tull akaomba aletewe ile suti ya mpira. Akaigeuza, akaikagua mikono. Mikono ya Mgrolu haina vidole, ni mafundo mawili ya mpira. Akajaribu kushika kikombe nayo, kikamponyoka. Akajaribu sinia. Halishikiki.

Akasema humo sawa, humo hawezi kusaidia.


Jumatatu, 11 Oktoba

Nimo kwenye filamu. Ndani ya boga.

Nilikaa kabatini tangu asubuhi nikimsikiliza Sprake akisema sentensi yangu. Anaitamka vibaya. Anatia uzito kwenye “bwana,” wakati uzito wote uko kwenye “kabatini,” hata mtoto anajua. Nilimwambia hivyo kupitia tundu la ufunguo. Thripp akauliza ni nani anayeongea.

Tukio lenyewe: Sprake anasema mkeo yuko kabatini, bwana. Askofu anafungua kabati kwa hasira. Natoka mimi, Mgrolu. Naikwepa ngumi ya askofu, nakimbilia korido, naingia mlango wa chumba cha pili, ambamo mke wa askofu anajipaka losheni. Basi. Nilipitia humo ndani kama Mgrolu mwenye uchungu. Julian amenifundisha mengi.

Lakini kuna jambo la kuudhi. Nilipofika mlango wa chumba cha pili, pale kizingitini kuna mkeka wa kufutia miguu. Nikafuta miguu. Sikukusudia! Nilikuwa nakimbia, ngumi iko nyuma yangu, kichwa kizima hakioni kitu, na miguu yenyewe ikajua kuna mkeka. Kulia mara mbili, kushoto mara mbili, na kisha ule mkunguto mdogo wa kisigino. Nimelelewa na mama ambaye angekurudisha mpaka barabarani kwa tope la ukubwa wa kunde. Ndipo nikaingia.

Nyuma ya kamera watu wakaangua kicheko. Nadhani Sprake alikuwa amefanya upuuzi wake. Nikajiandaa kurudia. Thripp akakataa, akasema hiyo hiyo, hatugusi, hiyo hiyo. Hata Bwana Tull alikuwa anajifuta macho kwa kizibao. Thripp akaja, akagonga boga langu kama mtu anayebisha hodi, akauliza humu ndani yumo nani. Nikamtajia jina langu lote. Mpira ukalimeza.

Akasema, “Safi sana, wewe wa kushoto.”

Jioni nikamwambia mama kwamba filamu imekamilika. Akauliza kama nilisema vizuri. Nikasema maneno yalisemwa.


Jumamosi, 18 Machi 1972

Leo Vitanda Vimejaa imeonyeshwa Grimsby. Mama amekwenda onyesho la mchana pamoja na Bi Clegg, kasisi, na mke wa mwuza nyama. Sijala tangu jana. Nilimwandalia maelezo ya aina nyingi: kwamba walikata kipande changu, kwamba taa ziliungua, kwamba Sprake ni jina langu la kisanii. Nikakaa kwenye ngazi kando ya simu. Bi Pargeter akaniletea chai na kuniambia napauka.

Simu ikalia jioni. Mama.

Kwanza sikumwelewa, sauti haikuwa yake. Nikadhani analia kwa aibu, nikaanza na yale ya taa. Akaniambia ninyamaze kidogo. Akasema sinema ilikuwa kiza tupu na macho yake leo hayakuwa mazuri. Nyuso zote aliziona kama zimepakwa siagi. Alipoyasikia yale maneno ya kabatini alikaza macho, akamwangalia mhudumu, akamwambia Bi Clegg huyu si Wilf, huyu ana uso wa nyama ya kuchemsha. Bi Clegg akasema ahaa, nilijua. Mama alitaka kunyanyuka atoke.

“Halafu likatoka lile dude,” akasema. “Likakimbia, likafika mlangoni, likafuta miguu. Nikamwambia Bi Clegg, shika mkoba wangu. Mwanangu yule pale.”

Sinema nzima ilicheka, akasema, lakini yeye hakucheka. Alisimama. Kasisi akamvuta koti akae. Akasema ameniona vizuri kuliko anavyomwona Bi Clegg aliyesimama hapo karibu naye sasa hivi. Kisha akasema baba angefurahi. Kisha akasema simu ni ya watu, usiku mwema, mwanangu.


Jumapili, 19 Machi

Nimelala vibaya. Nimelitafakari jambo la mama kwa kina na nimelielewa.

Hakuniona. Alisema mwenyewe, nyuso zote zilipakwa siagi. Na uso wangu haukuwepo hata wa kupakwa! Atanijuaje mtu niliyemo ndani ya mpira? Maskini mama, ananifariji. Hilo linanipa jukumu zito zaidi. Lazima aone uso.

Wiki iliyopita Thripp alinisimamisha uwanjani. Anatengeneza kichekesho kingine, cha meli ya kitalii. Amesema kila anakokwenda watu wanamuuliza habari za dude lililofuta miguu, na anataka liwemo tena, kuanzia mwanzo wa filamu hadi mwisho, jina langu kwenye tangazo, na atakayekuwemo ndani niwe mimi, si mwingine, maana walimjaribu mtu mmoja na akafuta miguu kama anayezima sigara. Alinishika mkono wangu mtupu kwa mikono yake miwili. Nilimwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Nitakataa. Nina akili zangu.

Kwa sababu Mavis ameshanidokeza. Katika filamu hiyo ya meli kuna maiti. Abiria anayefia mezani, kwenye supu. Halafu anainuliwa, anawekwa kwenye kiti cha ufukweni, na wanamtembeza sitaha nzima wakijifanya yu hai. Hana neno hata moja la kusema, hana kitu chochote cha kushika, Bwana Tull hatakuwa na la kulalamika. Lakini uso! Uso wazi, juani, kamera imemsogelea, hakuna kupepesa macho, dakika nzima nzima! Hata mwenye macho ya ukungu ataniona.

Nafasi hiyo, bila shaka, wanafikiria kumpa Sprake. Anaitwa kuonyesha uso wake kesho, baada tu ya picha za miguu.

Nimelitoa koti la harusi nikalipiga pasi. Na kesho, ikikaribia saa tisa u nusu, nitamuuliza Julian Mgrolu huota nini akilala.